Presha Si Urithi wa Shamba

Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema Waswahili. Methali hii hutumiwa kumhukumu mwana kwa tabia za mzazi, lakini imevuka mipaka na kuingia katika mambo ya afya. Si ajabu kumsikia mwalimu akisema kwamba babake alikuwa na presha, mamake vilevile, basi naye anangoja zamu yake tu. Kauli hiyo ni ya hatari, na sayansi haiiungi mkono.

Sehemu ya lawama ni ya lugha. Kitenzi "kurithi" tumekizoea katika mali. Arithiye shamba hulipata shamba zima. Arithiye ng'ombe humpata na pembe zake. Katika jeni mambo hayaendi hivyo. Mtoto hapokei ugonjwa wenyewe, bali maelekezo ya kuunda protini za mwili, na maelekezo hayo hutofautiana kidogo baina ya mtu na mtu.

Tuchukue mfano mmoja mashuhuri. Mwaka 1992, wataalamu waliochunguza familia za Utah, Marekani, na za Paris, Ufaransa, walieleza kwamba aina moja ya jeni ya anjiotensinojeni ilionekana zaidi miongoni mwa wenye shinikizo la damu. Protini hiyo hutengenezwa na ini, na kutokana nayo mwili hupata kemikali inayobana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Ilikuwa rahisi basi kudhani kwamba kiini cha maradhi kimepatikana.

Walakini, aina hiyo ya jeni ndiyo ya kawaida kwa watu wa asili ya Afrika. Walio wengi wanayo, wazima kwa wagonjwa. Jambo walilo nalo karibu wote haliwezi kueleza kwa nini huyu ameugua na yule amesalimika. Zaidi ya hayo, uchunguzi wa watu zaidi ya milioni moja, uliochapishwa mwaka 2018, ulifikisha sehemu za jeni zinazohusishwa na shinikizo la damu kuwa zaidi ya 900. Nyingi kati ya hizo, kila moja peke yake, hupandisha kipimo kwa chini ya milimita moja ya zebaki. Ukoo una nguvu, hapana shaka, lakini nguvu hiyo imetawanyika katika vijisehemu vingi mno.

Ushahidi mwingine umo humu nchini. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa Waluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya kuja Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Baada ya muda mfupi tu mjini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu zaidi. Mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo, na uzani wao pia ulikuwa mkubwa zaidi. Je, jeni zao zilibadilika njiani? La hasha. Kilichobadilika ni chakula na maisha.

Kwa hivyo, walimu wanapofundisha somo la urithi katika biolojia, wasiishie kwenye rangi ya macho na umbo la mbegu. Wawaeleze wanafunzi kwamba kurithi uelekeo si kurithi hukumu. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Mboga, matunda na mazoezi pia husaidia. Naye aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa hajisikii mgonjwa, kwani maradhi haya hukaa mwilini kimya kwa miaka mingi, kisha yakaleta kiharusi.

Mwenye mzazi aliyeugua presha ana sababu ya kupimwa mapema kuliko wenzake. Sababu ya kukata tamaa hana.