Kolwezi: Draiva za kompyuta ni za bure, kwa nini kuzilipia?

Katika komuni za Dilala na Manika, mjini Kolwezi, sekretariati publiki hazikosi wateja. Mwanafunzi analeta kazi yake ya mwisho wa masomo, kijana anayetafuta kazi kwenye mgodi anatoa kopi za vyeti vyake, mwenye kampuni ndogo anakimbiza faili ya zabuni kabla ofisi hazijafungwa. Basi siku moja kompyuta inawekewa Windows upya, na mashine ya kuchapisha inanyamaza. Wateja wanasubiri mlangoni. Mwenye kazi anafungua intaneti kutafuta dawa, na mara moja tangazo linamjibu: draiva zako zimezeeka, lipa dola kadhaa kwa mwaka, kila kitu kitapona.

Je, pesa hiyo inafaa kutolewa? Kwa watu wengi wa Kolwezi, jibu ni hapana.

Draiva, ambayo wengine wanaiita piloti, ni programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani. Kompyuta na mashine ya kuchapisha hazisemi lugha moja. Draiva inasimama katikati na kupeleka maneno. Anayetengeneza mashine ndiye anayeandika draiva yake, na anaitoa bure, kwani bila hiyo mashine aliyouza haina kazi. HP, Canon, Epson, Dell, Lenovo, Intel na Nvidia wote wanaziweka kwenye tovuti zao bila kudai hata makuta moja. Windows yenyewe pia huzitafuta. Kwenye kompyuta zilizo kwa Kifaransa, mtu anaingia Windows Update, kisha « Options avancées », halafu « Mises à jour facultatives », na mara nyingi draiva iliyokosekana inamngoja hapo.

Kwa hiyo anayelipia huduma hizo hanunui draiva. Analipia mtu wa kumtafutia kitu kilichoachwa wazi barabarani. Kama ingekuwa hivyo tu, kungekuwa ni kununua urahisi, na kila mtu ana haki ya kuununua. Lakini kuna mambo mawili yanayoharibu biashara hiyo.

La kwanza ni hofu. Programu nyingi za aina hii hupima kompyuta bure, kisha zinaonyesha orodha ndefu yenye rangi nyekundu. Draiva ya miaka mitatu si mgonjwa. Kama sauti inasikika na karatasi zinatoka, hakuna sababu ya kuigusa. Kuibadilisha bila haja kunaweza hata kuharibu kilichokuwa kinatembea. Na kompyuta nzito mara nyingi inadai RAM au diski mpya, wala si draiva.

Hofu ya namna hiyo imewahi kufikishwa mbele ya sheria. Mwezi wa Machi 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zimekubali kulipa dola milioni 26. Zilishtakiwa kwamba ziliwatisha watu kwa vipimo vilivyoonyesha matatizo yasiyokuwepo, ili ziwauzie huduma za kurekebisha kompyuta. Hizo hazikuwa huduma za draiva peke yake, lakini mbinu ya kupima bure na kutisha kwanza ndiyo hiyohiyo. Congo nayo ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023. Hata hivyo, mkaaji wa Manika atakayemfuata muuzaji wa ng'ambo kwa ajili ya dola 30 atatumia zaidi ya hizo kwa nauli na makaratasi.

La pili ni funguo. Ili iweke draiva, programu inaomba ruhusa zote za kompyuta. Katika sekretariati, kompyuta hiyo ndiyo inayobeba kadi za kura, diploma na barua za wateja. Kumpa mtu usiyemjua funguo za nyumba yenye mali za wengine ni jambo la kufikiria mara mbili. Tena wengi wa wauzaji hawa wanataka namba ya kadi ya benki, na mwaka ukiisha wanakata tena wenyewe, hata kama mteja amekwisha kusahau.

Wapo watakaojibu kwamba bure pia ina bei. Ni kweli. Mega zinalipiwa, umeme unakatika katikati ya kupakua, na si kila mtu anajua kusoma namba ya modeli nyuma ya mashine. Kuna pia kompyuta za mtumba zinazofika bila draiva ya mtandao, hata haziwezi kufungua intaneti kuitafuta. Lakini huduma ya mtandaoni haiondoi sehemu kubwa ya shida hizo: nayo inakula mega, nayo inahitaji umeme, na bila mtandao haifanyi lolote. Simu iliyounganishwa kwa kamba ya USB inaweza kuipa kompyuta hiyo intaneti. Fundi wa mtaa mwenye draiva kwenye kile cha USB naye anamaliza kazi.

Huyo fundi ndiye anayestahili kulipwa. Draiva ni ya bure, lakini muda wake, mega zake na ujuzi wake si vya bure. Dola chache zikienda kwake, zinabaki Kolwezi, na kesho mashine ikinyamaza tena kuna mlango wa kugonga. Naye fundi ana deni lake: amwambie mteja wazi kwamba anadai malipo ya kazi yake, si bei ya draiva, na achukue draiva kwa mtengenezaji, si kwenye tovuti yoyote iliyotangulia kwenye Google.

Basi kabla ya kutoa kadi ya benki, mwenye sekretariati asome jina na modeli ya mashine yake, afungue tovuti ya aliyeitengeneza, na ajaribu Windows Update. Ikishindikana, amwite fundi. Tangazo jekundu linaweza kusubiri. Wateja walio mlangoni hawawezi.