Nendeni Siku Wasiyowatarajia

Mtaani kwetu mtu akifanya kituko huulizwa, "Wewe umetoroka Mirembe?" Wakenya wana Mathari yao, Wazanzibari wana Kidongo Chekundu. Tunacheka, tunapita. Waganda wangetushangaa, maana kwao mirembe ni amani. Hospitali yenyewe ya magonjwa ya akili iko Dodoma tangu miaka ya 1920, na wengi wetu tunaolitania jina lake hatujawahi kuvuka geti lake.

Ndugu zangu, leo nawaomba mvuke geti. Si lazima liwe lile la Dodoma. Ziko nyumba na vijiji vya utengamao, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi, ambako mtu mzima aliyekwishatulia kwa dawa hukaa miezi, pengine miaka, akijifunza upya kuiendesha siku yake. Ingieni humo. Na mwende siku wasiyowatarajia.

Kaka yake mama alikaa katika nyumba moja ya namna hiyo karibu miaka miwili. Mara ya kwanza tulienda siku ya wageni: sakafu imepigwa deki inang'aa, chai ya maziwa, kila mtu anatabasamu. Tukarudi tumeridhika. Mara ya pili basi lilituharibikia njiani, tukafika kesho yake asubuhi. Mjomba alikuwa kwenye benchi amevaa shati la mtu mwingine, limembana kwapani. La kwake alikuwa amelificha chini ya godoro ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu nguo zikishafuliwa zilirudi fungu moja, anayewahi ndiye anayechagua. Mikono ilikuwa ikimtetemeka na ulimi umekuwa mzito. Nikamuuliza muuguzi kama hiyo ni kazi ya sindano ya kila mwezi, na kama mjomba ameelezwa. "Huyu hata ukimweleza hataelewa," akanijibu. Mjomba amefundisha hesabu shule ya msingi miaka 19.

Simsemi yule dada. Alikuwa peke yake zamu, na simu ya ofisini ilikuwa inaita bila kukoma. Lakini tangu siku ile, nikifika mahali pa namna hiyo natazama nguo kwanza. Kisha naangalia kama mlango wa choo una komeo kwa ndani. Namuuliza mkaazi, si msimamizi, anakunywa dawa gani na inamsaidia nini. Nauliza kama kuna chumba cha kumfungia mtu, na mara ya mwisho kilitumika lini. Watu wataguna. Acha wagune.

Maswali haya si ubishi wangu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kukagua huduma za afya ya akili, nao unataka wakaazi wenyewe wasikilizwe, na miongoni mwa wakaguzi wawemo watu waliowahi kuugua, pamoja na ndugu zao. Kwa hiyo mama aliyemuuguza mwanawe miaka kumi ana cha kuwafundisha wakaguzi.

Kuhusu kazi kuna jambo la kupima kwa makini. Kule Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wagonjwa wana historia ndefu ya kushika jembe, kuchuma chai na kufanya kazi za mikono kama sehemu ya tiba. Mwenye kazi ana sababu ya kuamka. Lakini ukikuta wakaazi wanalima ekari nzima, uliza mahindi yanaliwa na nani, na kama anayesema leo sitaki anaachwa akapumzike. Shamba la msimamizi haliponyi mtu.

Halafu kuna upande wetu, na hapa naomba tusitazamane usoni. Wapo ndugu wanaomfikisha mgonjwa getini, wanaandika namba ya simu, wiki inayofuata laini haipatikani. Chumba chake kimepangishwa. Daktari anasema yuko tayari kutoka, lakini hana pa kwenda, basi anabaki, na kitanda alichokuwa akisubiri mwingine hakipatikani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, na ibara yake ya 19 inampa mtu kama mjomba haki ya kuchagua akae wapi na nani. Haki hiyo haina pa kushika kama nyumbani kumefungwa kufuli. Mwenyekiti wa mtaa, sheikh, mchungaji, mwenye duka anayetafuta msaidizi: kuna mtu anatoka mwezi huu katika eneo lako. Mpokee kama unavyompokea aliyetoka kulazwa kwa malaria.

Ukienda, beba sabuni ya kipande na kandambili, na uandike jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Wembe uache getini. Beba na gazeti la michezo, hata la juzi. Mjomba ni Yanga wa kufa, na jirani yake wa kitanda ni Simba. Siku tulipompelekea gazeti walibishana hadi uji ukapoa, na yule muuguzi akavuta kiti akawaambia wote wawili hawajui mpira.