Kabla ya kumwita fundi, pima maji yako

Je, msomaji, nyasi za uani pako huwa na rangi gani ifikapo mwezi wa Februari? Katika nyumba nyingi za Buruburu, Lang'ata, Ruiru na Kitengela, jibu ni moja: rangi ya mkeka mkuukuu. Mvua za vuli huisha Desemba, masika hayaanzi hadi Machi, na katikati ya hapo jua halina huruma.

Huo ndio wakati ambapo mwenye nyumba huamua kumwita fundi aje atandaze paipu za kunyunyizia. Fundi huja, huzunguka uani mara moja, hukohoa, kisha hutaja bei. Wiki moja baadaye mitaro imechimbwa na vinyunyizio vimefungwa. Mfereji unafunguliwa, na maji yanachuruzika kama udenda wa mtoto mchanga. Pesa zimekwenda.

Aghalabu kosa huwa ni kuanza na nyasi badala ya kuanza na maji. Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Leo basi tutazame jinsi ya kupanga kazi hii kulingana na maji uliyo nayo, ili nyasi zisije zikawanyima watoto maji ya kunywa.

Hesabu ya mtungi

Chukua mtungi wa lita 20, uweke chini ya mfereji wa uani, fungua kabisa kisha utazame saa. Mtungi ukijaa kwa dakika moja, una lita 20 kwa dakika. Ukichukua dakika tatu, unazo lita saba hivi tu. Pima saa ile ile unayokusudia kunyunyizia, kwa kuwa msukumo wa alfajiri si ule wa saa nne.

Kisha pima kiwanja chako. Mpe mwanao wa shule hesabu hii: maji ya kina cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Wakati wa kiangazi nyasi huhitaji milimita 25 hivi kwa wiki zikitaka kubaki kijani. Kiwanja cha mita 9 kwa 9 kina mita 81 za mraba, kwa hivyo kitakunywa lita 2,025 kila wiki. Hiyo ni zaidi ya mitungi 100!

Je, unayo? Mnamo Januari 2017 jiji la Nairobi liliingia katika mgao wa maji baada ya bwawa la Ndakaini kupungua kwa uhaba wa mvua, na mitaa mingi ingali inapata maji kwa zamu. Kama nyumba yako ni mojawapo, nyasi zipate tangi lao lenyewe, mbali na lile la jikoni. Lijazwe siku ya zamu, na lipokee maji ya paa mvua zinaponyesha. Paa la mita 100 za mraba, mvua ikinyesha milimita 10, humwaga lita zinazokaribia 1,000.

Tangi la juu halitoshi

Wengi hudhani kwamba tangi lililo juu ya paa litaendesha vinyunyizio. Sivyo. Vinyunyizio vya kawaida vinavyochomoza kutoka ardhini huhitaji msukumo sawa na wa tangi lililoinuliwa mita 20 hivi. La kwako huenda liko mita sita. Utahitaji pampu ndogo, au uachane na vinyunyizio na utumie mpira wa matone kwa maua na ua wa miti.

Hata hivyo, usifunge pampu hiyo kwenye paipu inayotoka barabarani. Utakuwa unanyonya maji ya majirani, pamoja na uchafu wowote ulio karibu na nyufa za paipu kuukuu. Pampu ivute kutoka kwenye tangi lako.

Gawanya kiwanja

Tuseme pampu yako inatoa lita 20 kwa dakika. Panga kutumia 15 tu, kwa sababu maji hupungua yanapobanwa kwenye matundu madogo. Sasa chora kiwanja chako cha mita 9 kwa 9 kwenye karatasi. Chagua vinyunyizio vinavyorusha mita nne na nusu, uvipange hivi: vinne kwenye kona, vinne katikati ya kingo, kimoja katikati ya kiwanja. Kila kimoja kirushe maji hadi kilipo mwenzake, la sivyo utapata madoa makavu.

Cha kona hurusha robo duara na hutumia lita 3.5 hivi kwa dakika. Cha ukingoni hurusha nusu duara, lita 7. Cha katikati, lita 14. Ukijumlisha vyote tisa unapata lita 56, na pampu yako haiwezi. Basi gawanya: vya kona pamoja, vya ukingoni viwili viwili, cha katikati peke yake. Hayo ni makundi manne, kila moja lita 14, na kila moja na vali yake. Kila kundi likifanya kazi dakika 36 kwa wiki, nyasi zimeshiba.

Kama bei ya vali na vinyunyizio tisa inakutisha, nunua kinyunyizio kimoja cha kuhamisha na mpira mrefu. Nyasi hazijui tofauti.

Kuchimba na kulaza

Mitaro iwe na kina cha sentimita 20 hadi 30, ili jembe lisifike kwenye paipu. Wakazi wa Embakasi, Athi River na Kitengela wenye udongo mweusi wajihadhari: udongo huo hufura ukilowa na hupasuka ukikauka, ukivuta viungo vya paipu. Tumia paipu nyeusi zinazopindika, na uzilaze juu ya mchanga.

Kabla ya kufunga vinyunyizio, fungulia maji yasafishe paipu. Mafundi wenye haraka huruka hatua hii, na punje moja ya mchanga huziba tundu. Vichwa vyenyewe viwe sawa na ardhi, visije vikakatwa na fyekeo wala kumkwaa mtoto anayecheza mpira.

Ukimaliza, tandaza mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia hapa na pale, uwashe maji kwa dakika 10, kisha upime kina kwa rula. Mkebe wenye maji machache utakuonyesha palipo na kasoro.

Hatari isiyoonekana

Msomaji, hili lisikuponyoke. Maji ya mtaa yanapofungwa, paipu hubaki tupu na huweza kunyonya kurudi nyuma. Kama mpira wako umelala kwenye dimbwi, au kinyunyizio kimezama kwenye tope lenye mbolea na kinyesi cha mbwa, tope hilo laweza kuingia kwenye paipu za nyumba. Maji yakirudi, wa kwanza kufungua mfereji ni mtoto mwenye kikombe.

Kinga yake ni rahisi. Paipu inayojaza tangi la nyasi imwage kutoka juu, mdomo wake usiguse maji hata tangi likijaa. Ukiunganisha moja kwa moja na maji ya nyumba, dai vali ya kuzuia maji kurudi. Fundi akikwambia si lazima, tafuta mwingine.

Nyunyizia alfajiri, kabla jua halijawa kali. Maji yakianza kutiririka kwenda barabarani, zima, subiri nusu saa, urudie. Na kama hesabu ya mtungi imekukatalia, punguza kiwanja, au uziache nyasi zikauke. Zile za kikuyu zina mizizi mirefu, na kwa kawaida huchipuka tena masika yakianza. Tumbo la mtoto halingoji masika.