Mwalimu Asome Nini Tena?

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu nijibu neno lililosemwa katika mkutano wa chama mwezi uliopita. Ndugu mmoja, mtumishi wa miaka mingi ambaye sote twamheshimu, alisimama akalalamika kwamba barua za walimu za kuomba ruhusa ya masomo zimekuwa nyingi mno mezani pake. Kisha akauliza: "Mwalimu aliyekwisha kuhitimu asome nini tena? Alifunzwa kufundisha, basi na afundishe." Wenzetu wakapiga makofi. Neno lenyewe si jipya, lakini makofi yale yalinikera, maana yalipigwa na makarani, watu wajuao majalada yana nini ndani yake na hayana nini.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza ni Martin Kayamba, karani aliyesomeshwa Kiungani, chuo cha misheni ya UMCA kule Unguja. Chuo kile hakikujengwa kwa ajili ya makarani. Kilijengwa kutoa walimu na makasisi, nacho kilileta walimu Waafrika katika shule za misheni za upande wetu huu, mpaka kazi yake ilipohamishiwa Minaki mwaka 1925. Ukarani wetu umezaliwa ubavuni mwa ualimu. Karani amchekaye mwalimu kwa kuwa ataka kusoma, amcheka mzee wake mwenyewe.

Sasa na tufungue jalada. Chukueni jalada la mwalimu ye yote, wa Old Korogwe au wa po pote, mlipekue tangu ukurasa wa kwanza. Mtaona barua ya ajira, nakala za vyeti, barua ya kuthibitishwa kazini, likizo, uhamisho, kupandishwa cheo, na pengine onyo. Mwalimu huyo labda amefundisha miaka 22. Je, katika miaka hiyo amejifunza nini juu ya kazi yake? Jalada halisemi. Lasema tu alichokuwa akikijua siku alipoajiriwa, na kama alirudi chuoni, lasema karatasi aliyokuja nayo. Yaliyo katikati ni kimya kitupu, na kimya hicho ndicho tunachokitumia kumhukumu.

Nitatoa mfano mmoja, bila kutaja jina la mtu wala ofisi. Mwalimu mmoja wa kike wa darasa la pili, ambaye kwa umri ni kama mama yangu mdogo, aliandika barua kwa mkono wake, "Kupitia kwa Mwalimu Mkuu" na "Kupitia kwa Afisa Elimu Kata," kama ipasavyo. Hakuomba chuo wala fedha. Alieleza kwamba katika darasa lake wamo watoto ambao kila mwaka huvuka bila kujua kusoma, na kwamba katika shule nyingine, mwendo wa saa moja kwa pikipiki, yuko mwalimu ambaye watoto wa namna hiyo humsomea vizuri. Akaomba siku 10 akae nyuma ya darasa la mwenzake, aangalie jinsi afanyavyo. Barua ile ilizunguka, kisha ikarudi imeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hakuna kozi ya namna hii." Mama yule aliponiuliza maana yake sikuwa na la kumwambia, maana kwa kanuni aliyeandika hakukosea. Ombi lile halikuwa likizo, wala safari ya kikazi, wala ruhusa ya masomo. Halikuwa na jina, na jambo lisilo na jina katika masjala halina faili.

Nasema wazi kwamba barua ile ilikuwa ombi la masomo lililo bora kuliko yote niliyopata kuyaona. Mwalimu alijua asichokijua, akajua kilipo, akajua na njia ya kukifikia. Angaliomba miaka mitatu akasomee shahada ya utawala, tungalimtafutia kifungu.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na ndugu yetu, na ugomvi huo hauishii kwake. Sisi sote, serikali na makarani na walimu wenyewe, tumekubali kwamba kusoma maana yake ni cheti. Ngazi ya mishahara yasema hivyo: mwenye cheti cha ualimu huanzia TGTS B, mwenye stashahada TGTS C, mwenye shahada TGTS D. Sikatai kwamba elimu ya juu istahili malipo ya juu. Lakini tazameni matokeo yake. Mwalimu wa watoto wadogo akitaka kuongeza mshahara wake kwa njia ya masomo, hapana budi atafute karatasi. Na akiipata karatasi, aghalabu huomba kubadilishiwa muundo, ahamie sekondari, au aingie ofisini. Masomo yake yamekuwa mlango wa kutokea. Kisha twashangaa kwamba darasa la kwanza na la pili, ambalo ndilo msingi wa nyumba, huachiwa mtu aliyekosa pa kwenda.

Na ibada hii ya karatasi imekwisha kutuaibisha mbele ya dunia. Mwezi wa Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti, ikionyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu walizungumza mengi juu ya wizi wao. Ni wachache walioona kwamba mtu huiba kile ambacho bwana wake hukithamini. Kama ofisi ingaliuliza kazi ya mtu kwa bidii ile ile iulizayo nakala yake iliyothibitishwa, cheti cha bandia kingalikuwa na faida gani?

Ndugu yetu alisema tena kwamba walimu wa siku hizi wafaa kuliko "wale wa UPE," basi tusiwasumbue. Hapa naomba subira yenu, maana tusi hili la UPE nalisikia sana, na watu wanaolitoa hawalijui.

Mwaka 1974 katika Azimio la Musoma iliamriwa kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi, na mwaka 1977 ukawa ndio mwaka wa kutimiza. Walimu hawakuwapo. Vyuo havikuweza kutoa idadi iliyotakiwa. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa vijijini mwao, na huku wakifundishwa ualimu papo hapo: asubuhi wafundisha, alasiri wasoma, masomo yakaja kwa posta na kwa redio, na wasimamizi wakawatembelea, mwishoni wakaenda chuoni kwa majuma machache wakamalizie. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 30,000. Naam, elimu yao ilikuwa ndogo, na wengine walikuwa watoto kuwafundisha watoto. Lakini mwaka 1989 watafiti Mählck na Temu walichapa matokeo ya kuwalinganisha na wenzao waliofunzwa chuoni, nao wakaona kwamba kwa jumla tofauti zilikuwa ndogo. Nani kati yetu aliyepata kuyasikia hayo mitaani?

Kilichowaponza wale vijana si njia waliyofunzwa kwayo. Njia ilikuwa njema: mtu ajifunza kazi akiwa kazini, jambo la asubuhi alitafakari jioni. Kilichowaponza ni kwamba, wakiisha kupewa cheti, barua za posta zilikoma na wasimamizi wakawa adimu. Waliambiwa, kama ndugu yetu asemavyo leo, kwamba wamehitimu, basi wafundishe. Ilikuwa mpaka wakati wa mpango wa MMEM, ulioanza mwaka 2002, ndipo wengi wa daraja la IIIB na IIIC walipoandaliwa njia ya kufikia IIIA, na kwa wengine nywele zilikuwa zimekwisha kuingia mvi. Mimi nilifundishwa kusoma na mmoja wao. Nadhani na baadhi ya waliopiga makofi pia.

Tena kazi yenyewe haikai mahali pamoja. Mwezi wa Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika, ukaleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, pamoja na mengine ambayo mwalimu aliyehitimu mwaka 1999 hakupata kuyasikia chuoni. Tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa, mwaka 2016, madarasa yamejaa, na kufundisha watoto wengi katika chumba kimoja ni ufundi wa namna yake. Mwalimu huyu asome nini tena, mwaniuliza? Asome yale tuliyomletea mlangoni bila kumpigia hodi.

Itasemwa kwamba dawa imekwisha kuletwa, nayo ni MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Ni kweli, na naisifu. Mpango huu wataka walimu wakutane shuleni kwao na katika vituo vya walimu, wazungumze somo lililowashinda, wasaidiane; na Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka moduli katika mtandao wake. Si jambo la kigeni. Katika Ujapani walimu wa shule za msingi wana desturi ya siku nyingi: mmoja hufundisha, wenzake hukaa nyuma wakiandika, kisha hulichambua somo lile moja pamoja. Ni ombi lile lile la mama yangu wa darasa la pili, ila kule lina jina.

Lakini nimeona mambo mawili ambayo yataiua MEWAKA tukinyamaza. La kwanza ni la walimu, nami sitawaficha. Wako waulizao posho kabla ya kuuliza somo, na posho ikikosekana kikao huwa cha kutia sahihi na kuondoka. Mwenye kudai aheshimiwe kama mtaalamu hawezi kudai alipwe kila anapofungua kitabu. La pili ni la waajiri, nalo ni zito zaidi. Vikao hupangwa saa ambayo mwalimu amechoka, mtandao husomwa kwa simu yake na kwa vocha aliyoinunua mwenyewe, na akiisha kumaliza moduli zote, hapana karatasi hata moja inayoingia katika jalada lake. Nimeuliza masjala tatu. Zote zilinijibu vivyo hivyo. Atakapofika wakati wa kupandishwa cheo, aliyehudhuria kila kikao na aliyelala nyumbani huonekana sawa mbele ya mkubwa atakayetia sahihi.

Kwa hiyo nataka chama chetu kisimame pamoja na walimu katika jambo hili, maana nusu yake ni kazi yetu wenyewe wala haingoji Bunge. Katika kila jalada la mwalimu iwekwe karatasi moja, ambayo mwalimu ataandika kila mwaka mambo mawili: ni shida gani ya darasani ataka kuishinda, na amefanya nini juu ya ile ya mwaka jana. Mwalimu Mkuu atie sahihi baada ya kuingia darasani, si kabla. Tuiombe Tume ya Utumishi wa Walimu iitazame karatasi hiyo inapopima wa kupandishwa. Na barua ya mwalimu aombaye kwenda kujifunza kwa mwalimu mwenziwe ipewe kichwa, nambari na jibu, liwe ndiyo au hapana, ndani ya mwezi mmoja. Kuhusu shahada na ruhusa za miaka mitatu, ziendelee kwa kanuni zake. Sina neno nazo.

Ndugu yetu aliyeuliza swali lile asinichukie. Nimekwisha kuchora mfano wa karatasi yenyewe, upande mmoja tu, na gharama yake haizidi ya kurudufu gazeti hili. Nitauleta katika mkutano ujao kuwa hoja, na nahitaji mwanachama mmoja wa kuiunga mkono. Atakayependa kuuona kwanza anikute masjala baada ya saa tisa na nusu alasiri, siku yo yote ya kazi isipokuwa Ijumaa.

Mimi ni wako mtiifu,
Karani wa Masjala,
Old Korogwe