Hadithi za mwisho wa dunia kwa vijana: tusihesabu damu peke yake

Kila vakansi kubwa, kati ya Julai na Agosti, watoto wa sekondari hapa Kalemie wanabaki na saa nyingi mikononi. Wengine wanashuka ziwani, wengine wanasaidia wazazi sokoni, na umeme ukikubali, wengi wanarudi kwenye telefone. Humo wanapitishiana filamu na vitabu kwa WhatsApp na kwa kadi ya memori. Mengi kati ya hayo yanabeba jina la Mungu: hadithi za unyakuo, za Mpinga Kristo, za serikali moja inayotawala dunia nzima na kuua kila anayekataa alama yake.

Mbele ya hadithi hizo wazazi wamegawanyika. Kundi la kwanza linaona neno "Kikristo" kwenye jalada na kufunga macho: kama ni ya Mungu, mtoto aangalie tu. Kundi la pili linaona kichwa kinakatwa, au msichana anashikwa kwa nguvu, na linasema kitu cha namna hii hakiwezi kuwa cha Mungu, kifutwe. Kwa maoni yetu, makundi yote mawili yanakosea mahali pa kuanzia. La kwanza halipimi kitu. La pili linapima damu na kusahau kupima fundisho.

Tuseme kwanza ni hadithi za aina gani. Wanaosoma Kifaransa wanaziita distopia: mwandishi anachora dunia ya kesho iliyoharibika, yenye utawala wa kikatili, njaa, vita au maradhi, kisha anamweka humo kijana ambaye lazima achague. Zile za Kikristo zinaongeza swali moja: kijana huyo atashika imani yake au ataiacha ili aishi? Mfululizo unaojulikana zaidi duniani ni Left Behind, wa Wamarekani Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins, ulioanza mwaka 1995. Kuanzia 1998 ulipata mfululizo mwingine wa vijana, vitabu vidogo 40 vinavyofuata vijana wanne waliobaki baada ya jamaa zao kunyakuliwa. Kabla ya hapo, mwaka 1972, filamu A Thief in the Night ilizunguka makanisa ya nchi nyingi, na katika zile zilizoifuata waumini wanakatwa vichwa kwa mashine. Kwa hiyo damu si jambo geni katika sanaa hii.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1678 John Bunyan, mhubiri Mwingereza aliyefungwa gerezani kwa sababu ya kuhubiri, alitoa hadithi ya mtu anayeukimbia Mji wa Maangamizi. Ndiyo ile inayojulikana kwa Kiswahili kama Safari ya Msafiri, na wamisionari waliieneza katika lugha nyingi za Afrika. Ndani yake rafiki wa msafiri anahukumiwa na mahakama ya uongo, anateswa na kuchomwa moto. Babu zetu waliisoma, na hakuna aliyesema kwamba kitabu hicho kiliwaharibu.

Mzazi anayetaka kitabu kisicho na ukatili hata kidogo anapaswa pia kujiuliza atafanya nini na Biblia. Humo kuna Herode anayeua watoto wachanga wa Bethlehemu. Humo kuna suria wa Mlawi katika kitabu cha Waamuzi, aliyetendewa usiku kucha mambo ambayo ni vigumu kuyasoma kwa sauti. Humo kuna Tamari, binti wa Daudi, aliyebakwa na ndugu yake. Mtoto wetu wa miaka 14 anayo Biblia hiyo mezani.

Lakini tuangalie vizuri namna Biblia inavyosimulia. Kisa cha Tamari hakikai juu ya mwili wake ili msomaji afurahie kutazama. Tendo lenyewe linapita kwa maneno machache. Yanayochukua nafasi ni maneno ya Tamari mwenyewe, jinsi alivyokataa, hoja alizotoa, kilio chake baadaye, majivu juu ya kichwa chake, na hasira ya baba mfalme aliyekasirika lakini hakumhukumu mwanawe. Msomaji anaondoka akijua nani ana hatia na nani alinyamaza. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: si kwamba jambo baya limetajwa, bali limetajwa ili tufanye nini nalo.

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya hapa kwetu. Vijana wa Kalemie hawahitaji kitabu ili wajue dunia inavyoharibika. Aliye na miaka 16 leo alikuwa mtoto mdogo wakati vita kati ya Watwa na Waluba vilipochoma vijiji mwaka 2016 na 2017, na watu wakajaa katika kambi za Katanika na Kalunga. Mwezi wa pili mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipokwisha kuanguka mikononi mwa M23, aliona mashua zikifika kutoka Uvira zimejaa familia zinazokimbia. Ameona pia maji ya Tanganyika yakipanda na kuingia katika nyumba na barabara za mji. Kijana huyo ukimpa kitabu cha dini ambamo hakuna anayekufa, hakuna anayebakwa, na maombi moja yanamaliza vita jioni hiyo hiyo, atajua mara moja kwamba kinamdanganya. Na akiona tunamdanganya juu ya vita, ataanza kufikiri tunamdanganya pia juu ya Mungu.

Hapa kuna pingamizi la maana, nalo tunalikubali. Kati ya vijana hao wapo waliojeruhiwa wenyewe. Msichana aliyepitia ubakaji njiani akikimbia, mvulana aliyeona baba yake akichinjwa, hawasomi ukurasa huo kama mwenzao aliyelala salama. Kwao hadithi inaweza kufungua kidonda katikati ya usiku, mahali ambapo hakuna mtu wa kuwashika mkono. Kwa hiyo hatusemi kila kijana apewe kila kitu. Tunasema mtu mzima anayempa kijana kitabu amjue kijana huyo, na awe karibu atakapofika kwenye ukurasa mgumu. Mtoto wa miaka 12 na kijana wa miaka 17 wote ni watoto mbele ya sheria yetu ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, lakini mzigo wanaoweza kubeba si mmoja.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe, ile ambayo wengi hawaioni kwa sababu haina damu wala uchi.

Mwaka 1999 huko Nigeria ilitoka filamu End of the Wicked, iliyoandikwa na mhubiri Helen Ukpabio. Inaonyesha watoto wakiingizwa katika uchawi na kuangamiza familia zao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu sana kwa kuchochea watu kuwashuku watoto wao. Filamu kama hizi zinaingia nyumbani kwa jina la Kikristo, na familia nzima inakaa kuzitazama baada ya ibada. Kwa nchi kama yetu, ambako watoto wanafukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, fundisho hilo ni sumu. Katiba yetu, katika kifungu cha 41, inakataza wazi kumshtaki mtoto kwa uchawi. Hata hivyo mzazi anayefuta filamu kwa sababu ya busu moja anaweza kuiacha hiyo icheze mpaka mwisho.

Hatari ya pili ni mwisho usio na mlango. Tarehe 17 Machi 2000 huko Kanungu, Uganda, karibu na mpaka wetu, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Viongozi wao walikuwa wametangaza kwamba dunia inamalizika. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi yao ya watoto. Waendesha mashtaka wanasema watu hao walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho. Mhubiri Paul Mackenzie alikana mashtaka mbele ya mahakama, lakini inajulikana kwamba mahubiri yake yalipinga shule na hospitali.

Hatusemi kitabu au filamu ndiyo iliyoua watu wa Kanungu na Shakahola. Tunasema waliuawa na simulizi: kwamba dunia imekwisha, kwamba kila aliye nje ni adui, kwamba kuuliza swali ni dhambi, kwamba hakuna kazi iliyobaki hapa chini isipokuwa kuondoka. Simulizi hiyo inaweza kuandikwa bila tone la damu. Kijana wa Kalemie aliyechoka na vita, asiyeona kazi mbele yake, ndiye inayempata kwa urahisi zaidi. Kwa nini asome kwa ajili ya egzeta kama dunia haitafika mwaka ujao? Kwa nini apatane na jirani wa kabila lingine kama jirani huyo tayari amehesabiwa upande wa Shetani?

Kwa hiyo, kabla ya kumruhusu au kumkataza mtoto, mzazi, pasta au mwalimu ajiulize maswali matatu.

La kwanza: hadithi inasimama mbele ya ubaya kwa sababu gani? Kama kamera au kalamu inakaa juu ya mwili wa msichana au juu ya kisu ili mtazamaji apate raha, jina la Yesu mwishoni halisafishi kitu. Kama inaonyesha ubaya ili tumjue aliyeumizwa na aliyeumiza, inafanya kazi ya manabii.

La pili: adui ni nani? Ni dhambi, uchoyo, utawala wa kikatili, woga ulio ndani ya kila mmoja wetu? Au ni kabila fulani, dini fulani, mtoto fulani, bibi fulani mzee? Katika jimbo ambalo bado linaponya majeraha kati ya Watwa na Wabantu, swali hili lina uzito kuliko yote.

La tatu: mwisho wa hadithi unamwachia kijana kazi gani kesho asubuhi? Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliohamishwa kwa nguvu, wakabadilishwa majina, wakatishiwa tanuru na simba. Waliendelea kusoma, kufanya kazi, kuwaombea wengine na kusema ukweli mbele ya mfalme. Hiyo ni hadithi ya dunia iliyoharibika, lakini wao hawakuketi kungoja kufa.

Wapo watakaosema njia rahisi ni kupiga marufuku. Tuliona namna marufuku inavyofanya kazi. Mwezi wa 11 mwaka 2021 tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo, huko Kinshasa, ilizuia wimbo Nini tosali te wa kundi MPR, na ghafla kila mtu akautafuta, hata wale ambao hawakuwa wakiujua. Marufuku yenyewe iliondolewa haraka. Ikiwa serikali haikuweza kuuzuia wimbo, mama peke yake atawezaje kuzuia faili ndogo inayopita kutoka telefone hadi telefone nyuma ya darasa? Mtoto atasoma tu. Tofauti ni kama atasoma peke yake au pamoja nasi.

Hapo ndipo makanisa yetu yana kazi. Mapadri, wachungaji na walimu wa ekodimu wanazo nafasi tayari: mikutano ya vijana, kambi za vakansi, jumuiya ndogo za Kikristo. Badala ya kuonyesha filamu ya kutisha usiku na kuita vijana mbele watubu kwa hofu, wachukue saa moja baada ya filamu na waulize: ninyi mmeona nini? Nani alitendewa vibaya? Mngefanya nini? Kijana anayejifunza kuuliza maswali mbele ya filamu atajua pia kuuliza maswali mbele ya mhubiri wa uongo. Hiyo ni kinga kubwa kuliko mkasi wa kukata picha.

Na wenye kalamu, wakiwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kalemie, waandike. Hadithi hizi karibu zote zinatoka Marekani au Nigeria, na nyingi hazijui ziwa, bandari, reli wala kambi. Kijana wetu anastahili kusoma kwa Kiswahili chake hadithi ya mji ambao maji yanaupanda, ambamo wenye bunduki wanauza chakula cha msaada, na ambamo wasichana na wavulana wa makabila mawili wanakataa kuuana kwa sababu wanaamini Mungu anawaona wote. Hadithi hiyo itakuwa na damu, kwa sababu jimbo letu limekuwa na damu. Itakuwa na watu wazima walionyamaza. Lakini haitamwambia msomaji wake kwamba yote yamekwisha.

Wazazi wa Kalemie, vakansi hii chukueni telefone ya mtoto, si kwa kuificha, bali kwa kukaa naye na kumwambia: nionyeshe unachosoma. Ukurasa mgumu ukifika, msiukimbie. Muulizeni anafikiri nini, kisha mmsikilize mpaka amalize.