Acheni Kutufunza Kufunga Mfereji, Zibeni Paipu Zenu

Kila Machi 22, Siku ya Maji Duniani, tunaletewa bango lilelile. Mtoto anatabasamu, mswaki mdomoni, na chini yake maandishi makubwa: funga mfereji, okoa maji. Afisa anakata utepe, fulana zinagawanywa, picha zinapigwa, kila mtu anaenda nyumbani. Na huku Pipeline, Kayole na Githurai kuna msee anangoja maji ya Alhamisi, na yakija yatakuja Jumamosi saa nane usiku.

Wacha niseme bila kuzunguka: hiyo ni dharau. Huwezi kumfunza kuhifadhi maji mtu ambaye anaoga na nusu ndoo, kisha anaosha vyombo na maji aliyosuuzia nguo, kisha anamwaga hayohayo kwa choo. Huyo tayari ni profesa wa kuhifadhi maji. Anayehitaji darasa ni anayeyauza.

Hii si siri wala umbea. WASREB, ile taasisi inayosimamia kampuni za maji Kenya, hutoa ripoti kuhusu kazi yao. Ndani yake kuna namba moja ambayo ingefaa iandikwe kwa kila matatu: maji ambayo kampuni imesafisha, imeyasukuma kwa paipu, lakini haikulipwa hata shilingi. Nchi nzima, kwa ripoti za miaka ya karibuni, hiyo namba inazunguka asilimia 45. Nairobi ni karibu nusu. WASREB haohao wanasema chini ya asilimia 20 ndiyo nzuri, na ikipita 25 haikubaliki. Yaani kwa kipimo chao wenyewe, tumefeli. Si kidogo, tumefeli vibaya.

Niliacha chuo, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Nairobi kwa miaka mingi imekuwa ikizalisha takriban lita milioni 525 kwa siku, mengi yakitoka Ndakaini, yakisafishwa Ng'ethu, kisha yanashuka mjini. Tuwe wapole, tuseme ni asilimia 45 tu inayopotea. Hiyo ni lita milioni 236. Ni mitungi ya lita 20 karibu milioni 12. Kila siku, hata Krismasi.

Sasa linganisha. Handaki la Northern Collector lilizinduliwa 2022 baada ya miaka ya kuchimba mwamba Murang'a, na ahadi yake ni lita milioni 140 kwa siku. Shusha upotevu kutoka 45 hadi 20, na unapata lita milioni 131. Karibu handaki zima! Bila kuchimba mlima, na bila watu wa Murang'a kubaki wakiuliza mito yao itabaki na nini.

Najua kuna mtu ataniambia, "Lakini si yote yanamwagika." Kweli kabisa, na hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Sehemu moja inavuja kwa paipu zilizooza. Sehemu nyingine inafika kwa watu, lakini kwa laini za wizi, kwa mita mbovu, na kwa bili zinazopikwa. Kwa hivyo ukirekebisha, ama unapata maji ama unapata pesa ya kuleta maji. Zote mbili tunazitaka.

Na usiniambie shida ni ukame. Mgao wa Nairobi ulikazwa Januari 2017 kwa sababu maji ya Ndakaini yalikuwa yamepungua sana. Sawa, tulielewa. Tangu hapo bwawa limejaa mara kadhaa, na mgao bado uko. Mbaya zaidi, mgao wenyewe unaharibu paipu. Ukifunga maji siku tatu halafu ukiyafungulia kwa nguvu, presha inagonga paipu kuukuu inapasuka. Paipu ikiwa tupu inavuta uchafu wa nje kupitia nyufa. Na ule upepo unaotangulia maji unazungusha mita, wewe unalipia hewa. Tunatibu ugonjwa kwa dawa inayoongeza ugonjwa.

Kuna njia ya kujua maji yanapotelea wapi, na si uchawi. Unagawanya mji kuwa maeneo madogo, kila eneo linaingiliwa na paipu moja yenye mita kubwa. Unaangalia ile mita kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala. Kama maji bado yanapita kwa kasi, hakuna mtu anaoga usiku huo wote, bana. Hiyo ni paipu inavuja, ama mtu anajaza bauza. Kisha unajumlisha mita zote za wateja wa hilo eneo, unatoa kwa kile kilichoingia, na unabaki na jina la tatizo. Ni hesabu ya darasa la tano.

Phnom Penh, Kambodia, walifanya hivyo. Mwaka 1993 nchi ilikuwa inatoka vitani, na shirika la maji la mji lilikuwa linapoteza asilimia 72. Sisi hata hatujafika hapo. Akaingia mkurugenzi anaitwa Ek Sonn Chan. Aliweka mita kila mahali, akafukuza wafanyakazi waliouza laini za wizi, akawatuza raia walioripoti wizi, na akakatia maji wakubwa wasiolipa. Jenerali mmoja alimwelekezea bastola kwa sababu ya mita. Hakurudi nyuma. Upotevu ukashuka hadi karibu asilimia 6, na mji ukapata maji saa 24. Mwaka 2006 alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay. Ukisikia mtu akisema "Afrika ni maskini, haiwezekani", muulize Kambodia ya 1993 ilikuwa tajiri kivipi.

Sasa nifike kwa jambo lenyewe linaloniuma: utafiti.

Marekani Kaskazini, mashirika ya maji ya miji mbalimbali huchangia pesa pamoja kufanya utafiti ambao hakuna mji mmoja ungeweza kulipia. Mwaka 1999 walitoa utafiti mkubwa ambapo waliweka vifaa kwa mita za nyumba zaidi ya elfu moja, ikajulikana kila lita inaenda wapi: choo, bafu, mashine ya nguo, mvujo. Wakarudia, na ripoti ya pili ikatoka 2016. Matumizi ya ndani ya nyumba yalikuwa yameshuka asilimia 22. Unajua ni kwa nini? Vyoo na mashine za kufua zilikuwa zimebadilishwa na zinazotumia maji kidogo. Kuoga hakukubadilika sana. Hakuna aliyehubiriwa akaokoka. Vifaa vilibadilishwa, maji yakabaki.

Ona tofauti. Wao walipima kwanza, wakaja na sera. Sisi tunaanza na bango.

Na si kwamba hatuna watu. Tuna kampuni za maji zaidi ya 80, kila moja na shida ileile, kila moja ikihangaika kivyake kama mpangaji anayejificha na sufuria yake. Nyeri, ambayo kila mara iko juu kwa orodha ya WASREB, inajua kitu ambacho Nairobi haijui, na ni safari ya saa chache tu. Wajapani kupitia JICA wamesaidia kuandika miongozo ya kupunguza upotevu hapahapa Kenya. Vyuo vyetu kila mwaka vinatoa wanafunzi walioandika tasnifu kuhusu maji yanayopotea. Ziko wapi? Ziko kwa rafu, zinakula vumbi, kwa sababu mwanafunzi hakupewa data ya maana, na kampuni haikuwa na haja ya kusoma majibu.

Kwa hivyo haya ndiyo madai, na si mengi.

Moja, kila kampuni ya maji itoe hadharani, kila mwezi, namba mbili kwa kila eneo: lita zilizoingia na lita zilizolipiwa. Si wastani wa kaunti nzima unaotoka mwaka umeshaisha. Eneo kwa eneo. Nataka kujua mtaa wangu, si "Nairobi".

Mbili, kampuni zichange mfuko mmoja wa utafiti. Kila moja itoe kidogo, vyuo vilete wanafunzi na maabara, na majibu yawe ya wote. Kama Nyeri imepata njia ya kukamata mvujo, Garissa isianze sifuri.

Tatu, kabla ya kukopa mabilioni ya bwawa jingine tunaloenda kulilipa sisi vijana hadi tuzeeke, tuonyeshwe kwanza kwamba upotevu umeshuka. Kumimina maji mapya kwa paipu zinazovuja ni kumwekea mlevi pesa kwa mfuko.

Mbona haifanyiki? Kwa sababu giza lina faida. Mtungi wa shilingi 20, siku ya shida unafika 50. Kwa shilingi 20 unalipa shilingi 1,000 kwa lita 1,000, wakati mteja mdogo mwenye mfereji hata hafikishi 100 kwa maji hayohayo. Maskini analipa zaidi ya mara kumi. Simlaumu kijana wa mkokoteni, huyo anatafuta unga. Namwuliza aliye juu yake: laini unayojazia mitungi imesajiliwa kwa jina la nani? Mita ya saa nane usiku ingejibu hilo swali wiki moja tu. Ndiyo maana kuna watu hawataki iwekwe.

Katiba, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Imesema hivyo tangu 2010. Wengi wanaosoma hii tulikuwa bado tunavaa kaptura za shule.

Kwa hivyo kama uko chuo na unatafuta mada ya mradi, chagua mtaa wako na udai data kwa barua. Kuna sheria ya kupata habari ya 2016, itumie. Ukiona paipu imepasuka, piga picha, andika tarehe na mahali, na uhesabu siku hadi itengenezwe. Na 2027 mwanasiasa akija mtaani na bauza la maji ya bure, chota, jaza mitungi yote, hayo ni yako. Halafu simama mbele ya kipaza sauti chake umwulize: mwezi uliopita hapa kwetu ziliingia lita ngapi, na ngapi zililipiwa? Kama hajui, basi hajui kazi anayoomba.