Ndege Itambaapo, Haraka ni ya Nani?

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hii haina ila, lakini wapo wanaoifasiri kana kwamba polepole ni kinga tosha. Suala la mwendo wa ndege za abiria zinapotambaa ardhini, kabla ya kuruka au baada ya kutua, labainisha kuwa sivyo.

Aghalabu kampuni za ndege huwawekea marubani kikomo cha kilomita 55 hivi kwa saa kwenye njia iliyonyooka, na 18 hivi kwenye kona kali. Abiria aliyechelewa hunung'unika: mbona hata matatu hukimbia kuliko hivi? Hajui kwamba rubani wa Boeing 747 huketi zaidi ya mita nane juu ya lami, na kutoka kimo hicho ardhi huonekana kupita taratibu mno. Akiyaamini macho yake badala ya kipimo, ataingia konani kwa kasi asiyoidhania. Fauka ya hayo, kasi na breki za mara kwa mara huyapasha matairi joto, ilhali hayo ndiyo tegemeo endapo itabidi ndege isimamishwe ghafla kabla ya kuruka.

Hata hivyo, tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege ya Pan Am ilikuwa ikijikokota ukunguni kwenye njia yenyewe ya kurukia. Njia ya kando ilikuwa imejaa ndege zilizoelekezwa huko baada ya bomu kulipuka katika kiwanja cha Gran Canaria. Ikaupita mchepuko wa tatu, ilikotakiwa kutokea. Upande wa pili, nahodha wa KLM, ambaye saa za kazi za kikosi chake zilikuwa zikiyoyoma, akaanza kuruka bila idhini. Mnara haukuiona hata moja kati ya ndege hizo. Watu 583 waliangamia. Polepole ya mmoja haikufua dafu mbele ya haraka ya mwenzake.

Kwa hivyo, kikomo cha kilomita 55 kisigeuzwe kuwa haki ya rubani. Mwendo ufaao ni ule unaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Asipojua alipo, na asimame aulize. Kampuni nazo zisijitoe lawamani, kwani ratiba isiyoacha nafasi ya ukungu huwa imekwisha kumharakisha rubani kabla hajapanda ndege. Viwanja vikubwa leo vina rada za kuzifuatilia ndege ardhini. Vidogo vingi vingali vikitegemea macho na redio, na huko ndiko rubani anayehimizwa aharakishe anapopaswa kukataa.